Mama, usiku ulikuwa unafanyaje? Barua ya wazi kwa wanawake wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini mnaotibiwa saratani ya ovari

Mabinti zangu, na ninyi wadogo zangu mliokwisha kupata wajukuu, salamu nyingi kutoka Uyole.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya kliniki tukisubiri kuitwa. Mmoja wenu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, wakati wa dozi, usiku ulikuwa unafanyaje?" Nikamjibu upesi, "Nilikuwa nasali, mwanangu, halafu nalala." Akaitikia, akakaza kilemba chake, akanyamaza. Nilipofika nyumbani moyo ulinisuta. Kusali nilisali, lakini kulala sikulala. Mimi nimeuza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa zaidi ya miaka thelathini, na siku ile binti aliniomba mchele nikampimia pumba. Barua hii ni ya kumlipa deni lake. Nimeiweka wazi kwa sababu najua wapo wengi wenye swali hilo hilo ambao hawakupata ujasiri wa kuliuliza.

Habari ya namna nilivyougua nitaipita haraka, maana mnaijua kwa miili yenu. Tumbo lilijaa, gauni likabana kiunoni, nikila vijiko vitatu nimeshiba. Sokoni wakanisifu kwamba biashara imenikubali, nimenenepa. Zahanati moja ikanipa dawa za gesi, kwingine nikapewa za vidonda vya tumbo. Nilikuwa nimepima mlango wa kizazi mwaka uleule nikaambiwa ni mzima, nikajiona salama. Sikujua kwamba kipimo kile hakitazami ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi, na kwamba kwa ovari hakuna kipimo cha kuaminika cha kumpima mwanamke ambaye bado hajaona dalili. Ndiyo maana wengi wetu tunagundulika ugonjwa umeshasambaa tumboni. Msikubali mtu awaambie mlichelewa kwa uzembe.

Nikapangiwa mizunguko mitatu ya kemo, zile dawa kali za saratani, kisha upasuaji, kisha mitatu tena. Kila mzunguko ulikuwa siku 21 baada ya mwingine, na dawa zilikuwa mbili, paklitaksel na kaboplatin, ambazo wengi wenu mnazisikia zikitajwa kila mnapotundikiwa dripu. Kwa ajili ya hizo nilikuwa nakwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa.

Watu wangu hawakunitupa. Wanangu walichanga nauli, kikundi cha kanisani kilikuja na kuni na maziwa, wifi yangu alihamia kwangu. Nawashukuru mpaka kesho. Hata hivyo nilikuwa mpweke kiasi kwamba nilikaa na watu kumi sebuleni nikitamani waondoke. Kila nilipotaka kusema naogopa, mtu aliniwahi, "Usiseme hivyo, mama, utapona." Walikuwa wanajilinda wao, na si kosa lao. Mtoto wako hawezi kukusikiliza ukizungumzia kifo chako huku ameshika kikombe cha chai vizuri. Mzigo ule unamtaka mtu ambaye naye anao.

Kumpata mtu huyo si rahisi kwa ugonjwa wetu, na hapa naomba mnisikilize. Kwenye foleni za saratani za wanawake hapa nchini, wengi ni wa mlango wa kizazi na wa matiti. Sisi wa ovari ni wachache. Nilikaa wiki kadhaa katikati ya akina mama wema sana, wananipa ushauri wa mionzi, namna ya kutunza ngozi iliyoungua, wakati mimi mionzi sikupangiwa kabisa. Nikirudi nyumbani nafikiri labda madaktari wamenisahau. Hakuna aliyenidanganya. Tulikuwa tunasafiri njia mbili tofauti tukidhani ni moja, kwa sababu mitaani zote zinaitwa "kansa ya kizazi."

Jina hilo lina sumu nyingine. Kuna ndugu wa mume wanaosikia "kizazi" wakaanza kuhesabu wanaume. Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi, na hata mke asiyetoka nje ya ndoa anaweza kukipata, kwa hiyo hakuna mwanamke wa kunyooshewa kidole. Ya ovari haitokani hata na kirusi hicho. Binti akikalia maneno hayo peke yake, anaweza kuacha kuja kliniki kwa aibu. Akiwa na mwenzake wa kumwambia, "Na kwangu walisema hivyohivyo," aibu inapungua nguvu.

Mimi mwenzangu nilipewa na muuguzi. Nilimwambia wazi, "Mwanangu, nitafutie mwenye ugonjwa kama wangu." Hakunitajia jina la mtu. Alikwenda kwanza kumwuliza yule mama kama anaridhia, kisha ndipo akatukutanisha. Nawaomba mfanye hivyo. Muulizeni muuguzi, muulizeni afisa ustawi wa jamii, semeni mnamtaka wa ovari, na kama inawezekana aliyetangulia mizunguko miwili mitatu mbele yenu. Msingoje mpaka mzunguko wa tano. Mkimpata, ombeni mpangiwe siku moja ya kliniki.

Wangu alikuwa fundi cherehani wa Makambako. Tulipofahamiana tukaomba tarehe moja. Basi langu likitoka Mbeya alfajiri namshikia siti ya dirishani, tukifika Makambako anapanda, ananisalimia "Kamwene" hata kabla hajakaa. Tukishuka Kitonga tulikuwa tunashikana mikono, si kwa kuogopa mteremko, ila kwa sababu kufika pale ni kujua kwamba Dar inakuja na sindano inakuja.

Alinifaa kwa nini? Nitawapa mambo mawili, maana msaada wa mwenza si maneno matamu tu.

La kwanza ni vidole. Baada ya dozi ya tatu vidole vyangu vikafa ganzi. Nikawa sihisi noti, mteja ananipa elfu tano nadhani ni mbili zimeshikana. Nikaficha, nikiogopa daktari atasimamisha dawa. Mwenzangu aliona ninavyohangaika na kifungo cha koti ndani ya basi, akanionyesha vidole vyake vilivyotobolewa na sindano ya cherehani bila yeye kuhisi. "Mimi nimewaambia wakapunguza kidogo," akasema, "na bado natibiwa." Siku ile nilimweleza daktari. Wanangu walikuwa wameniuliza mara kumi kama nina tatizo, nikawa nawaambia sina.

La pili ni homa. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na hapo homa ndogo inaweza kuua. Sasa huku kwetu, Juni na Julai, kila mtu anatetemeka. Ukianza kusikia baridi unajifunika blanketi la pili, unasogeza jiko la mkaa, unasema ni Uyole hii. Jioni moja nilimpigia simu nikimlalamikia baridi, akaniuliza, "Umepima?" Sikuwa nimepima. Nikapima, nyuzi 38 na nusu. Akanikatalia katakata kwenda duka la dawa kununua dawa ya malaria, akasema mwamshe kijana wako uende hospitali usiku huu, uwaambie mlangoni kwamba uko kwenye kemo. Nililazwa siku nne. Kwa hiyo kipimajoto ndicho ninachowasihi mnunue kwanza, kabla ya wigi na kabla ya kilemba kipya.

Sasa yale ambayo mwenza hapaswi kuwa. Msilinganishe namba za damu. Ile CA-125 tunayopimwa, kipimo cha damu cha kufuatilia ugonjwa wetu, kawaida ni chini ya 35, lakini mmoja anaanza na mia mbili na mwingine na elfu kadhaa, na ukubwa wa namba pekee hausemi nani ataishi. Namba yako ilinganishe na yako ya jana, na daktari ndiye aisome pamoja na picha na hali yako. Nimeona akina mama wawili marafiki wakinuniana kwa sababu ya karatasi ya maabara. Inaniuma hadi leo.

Na msiuziane dawa. Majani ya mstafeli yatakuja, unga wa mbegu utakuja, maji ya baraka yatakuja. Mnakumbuka mwaka 2011 nchi nzima ilivyomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba. Siwadharau waliokwenda, mtu akitishwa na kifo hushika chochote. Lakini mwenza anayekwambia acha dozi ujaribu hiki, huyo muage kwa adabu. Ukitaka kunywa majani, mweleze daktari kwanza, kwa kuwa mengine hugombana na dawa.

Wasichana wadogo, kwenu nina neno la pembeni. Mimi nilitolewa ovari nikiwa nimeshazaa na hedhi imeshakoma. Mwenye miaka 25 au 30 akiondolewa zote mbili, joto la ghafla linamjia kabla ya wakati wake, na swali la mtoto linabaki kitandani kati yake na mumewe. Hilo mimi siwezi kulibeba na wewe sawasawa, hata nikikupenda vipi. Mtafute wa rika lako. Tena kuna saratani za ovari zinazowapata zaidi wasichana, ambazo husikia dawa vizuri, na mara nyingi daktari huweza kuiacha ovari moja, kwa hiyo usichukue habari zangu mimi kizee ukazifanya zako. Uliza yako ni ya aina gani, waiandike. Na kama kwenu mama, shangazi au dada aliwahi kuugua titi au ovari, mtajie daktari, maana kuna ukoo unaorithishana.

Nimefika kwenye neno ambalo nimelizunguka tangu nilipoanza.

Ugonjwa wetu una tabia ya kurudi. Wa mwenzangu ulirudi mwaka wa pili. Madaktari waliposema sasa tumtulize maumivu tu, mimi niliacha kwenda Makambako. Nilisingizia mavuno, nilisingizia mgongo. Miezi miwili. Ukweli ni kwamba nilipomtazama nilijiona mimi. Siku niliyojilazimisha kwenda nilimkuta amelala karibu na dirisha, mwembamba, nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza, akaniuliza bei ya mchele wa Kyela imefika ngapi. Tukakaa jioni nzima tukizungumza mchele, na mteja wake aliyemkimbia na sare za shule bila kulipa. Alifariki wiki tatu baadaye.

Kikundi chetu kimeshazika, na kitazika tena. Nimeona mmoja akizidiwa, benchi linajaa minong'ono na simu hazipigwi. Naelewa woga huo, niliuishi. Nendeni hivyohivyo na woga wenu. Si lazima mpeleke maneno. Pelekeni habari za sokoni.

Sasa jibu lako, binti yangu wa Alhamisi. Usiku nilikuwa naamka saa nane. Miguu inawaka, mdomo una ladha ya chuma, nahesabu mabati ya paa kwa sauti ya upepo. Nilikuwa nafikiria nani atalipa ada ya mjukuu, na kama nitaumia sana mwishoni. Nilikuwa nalia chini ya blanketi wifi asisikie. Halafu nilikuwa nampigia mwenzangu, tulikuwa tumekubaliana saa yoyote. Mara nyingine hatukusema kitu, nilikuwa nasikia tu anavyopumua na mbwa wa jirani yake anavyobweka kule Makambako. Mara nyingine alinieleza gauni analolishona. Nikipata usingizi, ananikuta nimeacha simu wazi, anakata yeye.

Mpaka leo naamka saa nane. Alhamisi ijayo njoo na simu yako, nikuandikie namba yangu.

Ndaga fijo, asanteni sana.

Mama yenu wa mchele, Uyole