Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mtandao kwenye Seva Pepe za Linux

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina. Mimi nataka tuzungumzie tatizo lililowaelemea zaidi wenzetu wa kamati ya ufundi mwaka huu: seva pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi) iliyonakiliwa inawaka vizuri, lakini mtandao wake unakatikakatika.

Chanzo kikubwa ni faili ya /etc/machine-id, yenye namba ya utambulisho wa mashine. Ubuntu Server inapoomba anwani ya IP kwa DHCP (huduma inayogawa anwani za mtandao), kwa kawaida haijitambulishi kwa MAC (namba ya kadi ya mtandao), bali kwa namba inayotokana na faili hiyo. Ukinakili seva bila kuisafisha, nakala zote huomba kwa jina moja na kupewa anwani ileile, hata kama MAC zao ni tofauti. Unaingia kwa SSH (njia ya kuiendesha seva ukiwa mbali) ukidhani uko seva ya hifadhidata, kumbe uko kwingine kabisa. Hatari hiyo si ndogo.

Kabla ya kuifanya seva kiolezo, yaani seva mama ya kunakilia nyingine, endesha `truncate -s 0 /etc/machine-id`, kisha izime seva papo hapo. Faili ibaki tupu, isifutwe. Kila nakala itajiundia namba yake ikiwaka. Kwa nakala zilizokwisha kuanza kazi, andika `dhcp-identifier: mac` chini ya kadi ya mtandao husika kwenye faili ya Netplan, programu ya Ubuntu ya kupanga mtandao.

Jina la kadi nalo huponza. Kwenye Proxmox, mfumo wa kuendeshea seva pepe, ukibadilisha aina ya mashine kutoka i440fx kwenda q35, ens18 huweza kugeuka enp6s18, na mipangilio ya zamani ikabaki inaelekeza kwenye kadi isiyokuwepo. Ukitafuta tatizo, anza na `ip -br link` (kadi), halafu `ip -br a` (anwani), `ip route` (njia), na mwisho `resolvectl status` (DNS, yaani huduma ya kugeuza majina kuwa anwani). Wengi huanza kuhangaika na DNS wakati hata njia ya kutokea haipo.

Mabadiliko yafanyeni kwa `netplan try`, si `netplan apply`: usipothibitisha ndani ya sekunde 120, mipangilio ya awali hurudi, nawe hujifungii nje. YAML, mtindo wa kuandikia faili za Netplan, haikubali tab mwanzoni mwa mistari, tumieni nafasi. Na `gateway4`, mstari wa kutaja njia ya kutokea, imepitwa na wakati. Andikeni `routes` yenye `to: default` na `via`. Pia msihariri 50-cloud-init.yaml kabla ya kuizuia cloud-init (programu inayoisanidi seva inapowaka) isishughulike na mtandao, maana inaweza kuiandika upya.

Kamati inaomba mkutano mkuu uridhie kwamba kiolezo chochote tunachogawiana kikaguliwe machine-id kwanza. Wenye violezo vya zamani wavikabidhi kwa kamati ya ufundi kabla ya siku ya mkutano.

Mwenyekiti