Usizitupe Mbegu, Zuhura

Lushoto, 20 Mei

Zuhura mwandani wangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, baridi ndiyo inaanza, Mama Tatu anakusalimu na Idi pia. Salamu nyingine nitazimalizia mwisho, maana ujumbe wako umenitia wasiwasi. Unasema maua yote ya zile nyanya nyeusi yamepukutika, na unataka kung'oa miche na pakiti iliyobaki uitupe. Miche ing'oe. Mbegu usizitupe, tafadhali sana!

Mbegu hazina kosa. Kosa ni la msimu. Nyanya hutunga tunda kwa kufuata joto la usiku kuliko la mchana. Usiku ukikaa kati ya nyuzi 15 na 20, tunda linashika vizuri. Ukipita 24, chavua, ule unga wa ua unaotungisha tunda, inadhoofika na ua linaanguka na kikonyo chake. Hapo Muscat mwezi wa tano usiku unakaribia 30, na unyevu wa bahari unaigandamanisha chavua hata ile iliyosalimika. Tena ua unaloliokota leo halikuharibika leo. Chavua huumia likiwa bado kitumba, wiki moja au mbili kabla halijafunguka. Ndiyo maana kumwagilia zaidi baada ya maua kuanguka hakukusaidia chochote, na ile urea uliyoongeza imekuletea majani tu.

Kwa hiyo badilisha kalenda, mbegu iache kama ilivyo. Sia tarehe za mwanzo za Septemba, lakini ndani ya nyumba, chumba chenye kiyoyozi, karibu na nyuzi 25. Nje wakati huo udongo unapita 35 na mbegu haioti, au inaota kidogo halafu inakauka. Ifukie sentimita moja tu. Ikishachipua itoe asubuhi ipate jua, saa moja siku ya kwanza, kisha ongeza kidogo kidogo chini ya neti ya kivuli. Katikati ya Oktoba itakuwa na majani manne au matano kamili. Pandikiza jioni, ukiufukia mche mpaka chini kidogo ya majani ya kwanza, kwa sababu shina la nyanya linaota mizizi kila linapogusa udongo. Maua yatafunguka Novemba usiku ukianza kushuka, na Desemba na Januari mambo yatakuwa mazuri kabisa.

Ndoo ya lita 20 inatosha mche mmoja, usizidishe. Toboa matundu sita au manane chini. Udongo mafungu mawili, mboji moja, mchanga moja. Samadi ya mbuzi iwe imekaa miezi mitatu au zaidi, la sivyo inaunguza mizizi. Mbolea ya NPK ngoja kwanza kichala cha kwanza kishike, ndipo utie kijiko kimoja cha chai kila wiki mbili. Na kwa kuwa roshani yako imezibwa upepo, tikisa vichala vya maua kwa kidole kila siku kati ya saa tatu na saa tano asubuhi.

Sasa maji. Nadhani hapa ndipo utakapopata taabu ya pili. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, chumvi inajilimbikiza kwenye ndoo, mizizi inashindwa kunywa, na tunda linakosa chokaa hata kama chokaa imo kwenye udongo. Matokeo yake ni kuoza kitako: doa la kahawia lililodidimia, kavu kama ngozi. Kwa nyanya hii ni rahisi kudanganyika, ukadhani ni weusi wake wa kawaida. Weusi wake hung'aa na ganda liko sawasawa. Doa la kuoza limebonyea. Maganda ya mayai uliyosaga hayadhuru, ila yanachukua muda mrefu mno kuoza yaisaidie nyanya ya msimu huohuo. Dawa ni maji ya mara kwa mara kwa kiasi kilekile, matandazo juu ya udongo, na mara moja kwa wiki mwagilia mpaka maji yatiririke chini yaioshe chumvi. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi hayana chumvi, kinga ndoo uyatumie kwa kazi hiyo.

Umeniuliza pia kama hii ni nyanya iliyobadilishwa vinasaba, kwa vile jirani yako kakutisha. Hapana. Hii ni Indigo Rose, kazi ya Jim Myers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, waliyoitoa mwaka 2012. Ilipatikana kwa kuzalisha nyanya ya kawaida na ndugu zake wa mwituni wa Chile na visiwa vya Galápagos, ua kwa ua. Weusi wake ni anthosayanini, rangi ileile iliyomo kwenye ganda la bilinganya, na iko gandani tu. Ndani ni nyekundu. Si chotara ya kupandwa mara moja tu, mbegu zake ukizipanda zinatoa nyanya ileile. Kwa hiyo ile pakiti unayotaka kuitupa ni mwanzo wa mbegu za miaka mingi, Zuhura.

Rangi hiyo inaletwa na jua. Sehemu ya tunda iliyofunikwa na jani inabaki kijani kisha inakuwa nyekundu tu. Neti ya kivuli itoe Novemba. Punguza majani machache yaliyoziba matunda upande wa asubuhi, lakini ya upande wa magharibi yaache, ganda jeusi linashika joto na jua la alasiri litaliunguza.

Na kuiva! Tunda la zambarau likiwa jeusi limeiva, hii sivyo. Nyanya hii inakuwa nyeusi ikiwa changa kabisa, kwa hiyo watu wanaichuma wiki kadhaa kabla ya wakati wake, wanaila, wanasema ni chachu na haina ladha. Tazama kitako chake: kijani kikigeuka chekundu, na weusi wa juu ukapoteza mng'ao ukawa wa kufifia, na tunda likibonyea kidogo, ndipo uchume. Ila joto likipita nyuzi 30 wekundu wa nyanya hautengenezeki vizuri, kitako kinabaki cha manjano au machungwa. Matunda ya Aprili huko kwako usiyangoje yawe mekundu mtini. Yakianza kubadilika tu chuma, uyaivishe ndani.

Mama Tatu kule Tanga kapewa kalenda yake: asie sasa hivi masika yakiisha, apandikize katikati ya Juni, maua yaje Julai na Agosti usiku ukishuka karibu na 20. Huku milimani shida ni kinyume chake. Julai usiku unashuka chini ya 13, chavua inakuwa haba, matunda yanatoka na makunyanzi na makovu kitakoni, na ukungu ukitanda siku tatu mfululizo bakajani chelewa, ugonjwa wa kuozesha majani na matunda, inaunguza shamba zima. Kwa hiyo huku ni kupandikiza Agosti, majani ya chini yote yakatwe mpaka sentimita 30 kutoka ardhini, na maji yapite chini tu, yasiguse jani.

Mbegu ukifika wakati wa kuzikamua: matunda matatu ya mche ulio bora, siyo tunda kubwa la mche dhaifu. Ziache na maji yake kwenye glasi, huku kwetu siku tatu, kwako moja na nusu inatosha, zikizidi zitachipua humohumo. Osha, anika kivulini kwenye sahani. Usimpe Idi azilete huku kimyakimya akija kwako Desemba. Zinahitaji cheti cha afya ya mimea.

Maji yako ni ya kisima au ya bomba? Roshani inapata jua saa ngapi mpaka saa ngapi? Umebakiwa na mbegu ngapi, na pakiti umeiweka wapi, isije ikawa dirishani juani? Unacho kipimajoto cha kutundika nje? Nataka uniandikie joto la chini kabisa la usiku kila Jumamosi kuanzia Oktoba, na tarehe ya ua la kwanza na tunda la kwanza, nizilinganishe na za Tanga na za huku. Na mguu wa mama unaendeleaje? Nijibu hata kwa mistari miwili, lakini la mbegu nijibu kwanza.

Wako,
Rehema