Walimu wa sayansi, tukituma praktiko grupuni tuandike na hatari zake

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na walimu wenzangu wa sayansi, hasa sisi wa shule za kata ambao maabara yetu ni kabati moja na funguo anakaa nayo mkuu wa shule.

Haya magrupu ya WhatsApp ya walimu wa Kemia na Baiolojia yametubeba sana, nisiwe mnafiki. Huko ndo nilipata ile praktiko, yaani jaribio la kufanya darasani, ya choya. Unaloweka choya kavu kwenye maji ya moto, unachuja, hayo maji mekundu ndo indiketa yako ya kutambua asidi na besi, ukidondoshea kwenye ndimu yanazidi kuwa mekundu, ukidondoshea kwenye maji ya magadi au ya majivu yanageuka kijani hivi ya bluubluu, darasa zima linapiga kelele mpaka mwalimu wa jirani anachungulia. Choya zenyewe za mia tano sokoni. Mtoto aliyekuwa anakariri asidi na besi kwenye daftari siku hiyo anauliza mwenyewe, je mate yangu? je sabuni?

Sasa shida yangu iko hapa. Watu wanatuma mbinu nusu. Juzi imezunguka klipu ya kutengeneza asidi ya praktiko kwa maji ya betri ya gari, ambayo ni asidi ya salfa kweli, na mwalimu anasema tu "changanya na maji", basi. Changanya vipi? Unamimina asidi kwenye maji, kidogo kidogo huku unakoroga, sio maji kwenye asidi, maana maji ni mepesi yanabaki juu, joto linapanda ghafla na yanakurukia usoni. Sisi tulifundishwa chuo hiyo, sawa, ila ile klipu keshaforwadiwa mtoto wa kidato cha pili na atajaribu nyumbani jikoni.

Hata ile ya kupasua betri kavu upate ule unga mweusi wa kutolea oksijeni kwenye haidrojeni paroksaidi ya duka la dawa, ni nzuri mno, njiti yenye kaa inawaka tena mbele ya macho yao. Lakini hakuna aliyesema ni zile betri za bei rahisi za zinki na kaboni tu. Zile za alikalaini ndani zina potasiamu haidroksaidi, inaunguza ngozi, usipasue. Mstari mmoja tu huo jamani.

Na kingine, tunatuma mapepa ya mitihani ya taifa ya NECTA na skimu za kazi usiku kucha ila hakuna anayeandika "mie leo nilifanya hivi darasa la watoto themanini, kundi la nyuma halikuona kitu, nikabadilisha hivi". Hiyo ndo tunaihitaji, pdf tunazo mpaka simu zimejaa. Ushauri wa uhamisho na kikokotoo cha pensheni uendelee, nao una kazi yake, matangazo ya mikopo hapana kwa kweli, bando tunanunua wenyewe.

Kwa hiyo maadmini naomba muweke sheria, praktiko ikitumwa iwe na vipimo, iwe na hatari yake, na iseme ilifanyikia darasa la watoto wangapi. Na mwalimu wa ile klipu ya maji ya betri, usikasirike ndugu yangu, irudie tu, na uvae miwani.

Mwalimu wa Kemia,
Dodoma