Shukrani kwa kaka wa benchi la nyuma

Kaka uliyekaa benchi la nyuma kwenye mafunzo ya vipimo na mitandao ya kiwandani kule Tanga, uliondoka kabla sijakuuliza jina. Acha nikushukuru hapahapa.

Transmita yangu ya presha, kile kifaa kinachopima presha na kutuma kipimo kwenye skrini, ilikuwa inapotea kwenye skrini kila baada ya dakika chache. Nilishaibadilisha, nikabadilisha na kebo. Wewe ulizima umeme kwanza, ukagusisha multimita (kipima umeme) kwenye nyaya mbili za RS-485, laini ya mawasiliano ya vifaa ambayo kila mwisho hufungwa rezista ya omu 120, ikasoma omu 120. Ukasema: "Rezista mbili sambamba, ilitakiwa 60. Upande mmoja hauna rezista." Tukafuata laini hadi mwisho, kweli, pako wazi. Ulipofunga rezista ya pili, Modbus, lugha ambayo vifaa huzungumza kwenye laini hiyo, ikatulia mpaka jioni.

Chai ukaiacha ipoe ukinieleza kwa nini ishara ya umeme inayobeba kipimo kwenye vifaa vingi huanzia miliampea 4 badala ya 0: ikisoma 0, waya umekatika, usidhani tangi ni tupu. Miaka miwili nilikuwa nakariri tu! Vijana wawili wa zamu yangu nimeshawaonyesha, kwa multimita ileile uliyoniachia.

Mungu akubariki sana, kaka. Ukisoma hapa, nitafute nikurudishie.