Kuhusu ile pikipiki yako

Mpendwa Hadija,

Mwangaluka! Za Kigoma, za migebuka? Huku hatujambo. Mguu wa mama ni ule ule, Kasimu kazidi unene. Nimekawia kukujibu, na kaka yako ananipigia kila jioni: naichukua pikipiki au ampe mteja mwingine?

Moyo unaitaka. Tangu nihamishiwe Kwihara asubuhi zangu ni vita. Hiace ya huko haiondoki mpaka ijae, na konda anaita "bado mmoja!" tukiwa tumeshapakatana. Juzi nawafundisha la tano kwamba Livingstone alikaa hapo hapo Kwihara tangu Machi hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi, katoto kamoja kakauliza kama Hiace yake ilikuwa haijajaa.

Bodaboda siiwezi. Nauli ya kwenda tu ingenipeleka na kunirudisha kwa Hiace, na ya vitumbua ikabaki. Yako ningeweka mafuta tu, lakini hilo "tu" ndilo linalonitisha: bima, oili, tairi, leseni sina, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wasimamizi wa nishati, wanatangaza bei mpya za mafuta. Sisi wa mbali na bandari tunalipia hadi safari ya lori.

Halafu utanicheka. Wamenipa ulezi wa klabu ya mazingira. Basi nikakaa na Kasimu tukapiga hesabu. Pikipiki inakunywa lita 2 na ushee kwa kilomita 100, Hiace kama 12. Nikashangilia. Kumbe Hiace ina watu 15, kila mmoja hata lita nzima haimfikii! Kwenye pikipiki niko mimi na mfuko wa madaftari, labda nianze kubeba mishikaki. Na lita moja ya petroli inatoa zaidi ya kilo 2 za hewa ukaa. Kasimu akagoma: lita yenyewe haifiki kilo, hizo mbili zinatoka wapi? Nikamwambia kaboni ikiungua inashika oksijeni ya hewani, uzito unaongezeka humo. Akasema mshahara wa ualimu ndio unaonifanya niseme hivyo.

Ila mchana Hiace ikirudi na watu watatu hesabu inapinduka. Na ule moshi wake mweusi, Hadija, ukiwa umekaa siti ya nyuma... basi.

Sasa sikiliza. Ile baiskeli ya Phoenix ya marehemu mzee, iliyoegemezwa stoo Isevya, mnaifanyia nini? Kwihara ni kilomita sita hivi na Tabora ni tambarare, kiangazi ningekwenda nayo bila kumngoja mtu. Mvua zikianza Novemba, njia ikawa tope, narudi kwa konda wangu. Pikipiki mpe huyo mteja. Au hapana, usimpe kwanza. Mwambie kaka asubiri wiki hii.

Je, mama yako ataniruhusu, au ni kumbukumbu haiguswi? Mnyororo upo? Utaniuzia au utaniazima mpaka mshahara? Na wewe, Ujiji hadi Mwanga unakwenda kwa nini, bajaji ya kuchangia au umeshazoea boda? Unalipa ngapi? Na yule wa bandarini, ameshaleta barua ya posa au bado anaulizia tu afya ya wazee?

Wako,
Zuhura