Wanafunzi wapewe kazi katika vituo vya utafiti, ziara hazitoshi

Mhariri,

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze hapa Uganda mwaka 2020, wanafunzi wetu wanadaiwa miradi. Pita shuleni huku Masindi uone miradi yenyewe: sabuni ya maji, mazulia ya mlangoni, mifuko ya karatasi. Sina ugomvi na sabuni, ila baiolojia iko wapi?

Maswali yametuzunguka. Kwa nini mahindi ya stoo hii yanabunguliwa na ya stoo ile yanapona? Mnyauko wa migomba, uliobainika Uganda mwaka 2001, husambazwa hata na kisu kisichosafishwa; basi kisu kilichokata mgomba mgonjwa kijijini kilikwenda shamba la nani baadaye? Na hii posho (ugali) na maharage ya bweni, nani amewahi kuandika mlo wa wiki nzima, mboga zikiwemo kama zipo, akakadiria unampa mtoto nini?

Vituo vya utafiti wa kilimo vya kuwafundisha tunavyo. Viazi vitamu vyenye vitamini A, kama aina ya Kabode, vilitoka Namulonge, na mmoja wa waliovizalisha, Dkt. Robert Mwanga, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 pamoja na wenzake watatu. Kawanda wana migomba. Sisi tuna Bulindi, upande wa Hoima. Mwanafunzi wa S.3 (kidato cha tatu) huvisikia kwa majina tu. Akibahatika, hupelekwa ziara, akapiga picha getini na kurudi.

Nilipowaombea wanafunzi wangu nafasi za likizo katika kituo kimoja, nilijibiwa kwamba vifaa ni ghali na watoto wataviharibu. Hoja ina uzito kwa maabara. Lakini kuhesabu majani yenye madoa, kupima viazi vya kila shina au kuandika kipimo cha mvua kila asubuhi hakuhitaji hadubini, na ndiko utafiti wa mimea unakoanzia.

Naomba NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, na vyuo vikuu watenge nafasi chache kila likizo kwa S.3 na S.5, wazitangaze redioni ili na shule za vijijini zisikie, zisiishie kwa wenye mjomba ndani. Wilaya zigharamie nauli na chakula cha mchana. Kila mwanafunzi apewe kitalu, daftari na mtafiti wa kumkagulia takwimu, na daftari hilo shule ilipokee kuwa ndio mradi wake.

Mwalimu wa baiolojia,
Masindi