Baba, msiivishe mashua faiba kabla ya kusoma barua hii

Minneapolis, Marekani

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, na Mama shikamoo yake mfikishie peke yake asije akasema nimemchanganya na wengine. Sisi huku ni wazima, alhamdulillah. Watoto wanaenda shule, baridi imeanza kulegea, na barafu ya ziwani imeanza kumeguka kando kando.

Simu ya juzi haikutosha. Ulisema faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogandishwa kwa resini, haiozi, tena mimi mwenyewe riziki yangu inatoka kwenye boti za faiba, sasa nina haki gani ya kuwazuia nyinyi msiivishe mashua yenu ya mbao? Nikaona niandike, maana jawabu lake ni refu na kwenye simu unanikatiza. Mdogo wangu akusomee taratibu, na asiruke pale panapomhusu yeye.

Kwanza nikueleze hii boti tunayoikarabati karakana, maana uliniuliza inabeba nini nikakwambia haibebi kitu, ukacheka. Kweli haibebi samaki wala abiria wa nauli. Kazi yake ni kumvuta mtu kwa kamba huku amesimama juu ya mbao, anateleza juu ya maji. Mchezo wenyewe umezaliwa jimbo hili hili la Minnesota. Mwaka 1922 kijana mmoja, Ralph Samuelson, wa mji wa Lake City kwenye ziwa Pepin, ambalo ni pale mto Mississippi unapotanuka, alijaribu kwa mbao za mapipa akazama. Akajaribu kwa mbao za kutelezea theluji, akazama tena. Mwisho akanunua mbao za futi nane, akachemsha ncha zake kwenye sufuria la shaba la mama yake, akazipinda zikatazama juu. Kaka yake akamvuta kwa boti, akasimama. Kwa hiyo hata haya mambo yao ya anasa yalianza kwa mtu kupinda ubao kwa maji moto, kazi unayoijua.

Mchezo ulipokua ukadai chombo chake. Boti yenye mashine nyuma inaacha wimbi kubwa, na mtelezaji anatakiwa alivuke wimbi hilo kwenda na kurudi kwa mwendo unaofika kilomita 58 kwa saa. Basi wakaiweka injini katikati, shafti, ule mti wa chuma unaozungusha rafadha, ikashuka kwa mshazari kupita sakafuni, rafadha ikakaa chini ya boti, usukani nyuma yake. Uzito ukalala katikati na wimbi likawa dogo. Kiwanda cha Correct Craft cha Florida kimekuwa kikitengeneza boti hizo za jina la Ski Nautique tangu miaka ya 60, na MasterCraft wa Tennessee wakaanza 1968. Mpya leo inapita dola 100,000, ndiyo maana mtu mwenye kuukuu ya miaka ya 80 anaona bora aikarabati. Yetu ni moja ya hizo za miaka ya 80, futi 19, injini ya V8 ya petroli, lita 5.8, wenyewe wameitoa kwenye ukoo wa injini za magari.

Ungeipenda injini, ila ungeiogopa. Mashine yako ya nje ikivuja petroli, upepo unachukua mvuke na habari imekwisha. Hii imefungiwa ndani ya kasha, na mvuke wa petroli ni mzito, unashuka ngamani, chini kabisa ya boti, na kukaa hapo ukingoja cheche. Kwa hiyo kabla ya kuwasha unatangulia kuwasha feni ya kutoa hewa, dakika kadhaa, na unanusa kwa pua yako. Stata yake na altaneta yake ni za boti, zimezibwa cheche isitoke. Wapo wanaofunga ya gari kwa kuwa ni rahisi na inaingia vizuri tu, na boti zinaungua kwa mambo kama hayo.

Halafu kuna baridi. Injini inapozwa kwa maji ya ziwa: yanavutwa kutoka chini na impela ya raba, yanazunguka kwenye bloku, yanatoka na moshi. Maji yakiganda yanatanuka karibu sehemu moja ya kumi na moja, na chuma hakina pa kwenda. Ukisahau kuyatoa kabla ya majira ya baridi, ukirudi unakuta bloku imepasuka ubavuni. Kila upande kuna plagi ya kutolea maji, lakini kuifungua hakutoshi, maana tope la ziwa huziba tundu na ukadhani maji yameisha. Unachokoa kwa waya mpaka yatiririke. Hili nyinyi haliwahusu, namshukuru Mungu kwa niaba yenu.

Kitakachokushangaza zaidi ni shafti. Inapita kwenye tundu la sakafu, na tundu hilo haliwezi kuzibwa kabisa kwa kuwa shafti inazunguka. Wanaizungushia kamba ya kitani iliyoshiba grisi, wanaibana kwa nati kubwa. Sasa sikiliza: shafti ikizunguka lazima idondoshe matone machache kwa dakika. Ukibana mpaka ikakauka, inapata moto na kulika. Nakuona unavyotikisa kichwa. Wewe umri wako wote umepiga kalafati, kuziba nyufa za mbao kwa pamba, ili chombo kisivuje, na huku tunalipwa kuhakikisha kinavuja kwa kiasi.

Na injini na shafti lazima zitazamane sawasawa. Tunapima mwanya kati ya nyuso mbili za kiungo kwa fila geji, juu, chini, kushoto na kulia, na tofauti isizidi inchi 0.003, ambayo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Kipimo cha mwisho hakichukuliwi nchi kavu. Boti ikilala juu ya magogo ina umbo lake, ikielea ina jingine. Hilo sikuhitaji kufundishwa na mtu wa hapa, nimelitoa kwetu Nungwi.

Sasa tuje kwenye ugomvi wetu.

Unasema faiba haiozi. Kweli. Lakini boti hii ya faiba imeoza, Baba, na imeoza vibaya. Ganda la faiba peke yake ni jembamba, linacheza. Kinacholipa uti wa mgongo ni maboriti ya mbao yanayolala kwa urefu, kutoka omo hadi shetri, yamefunikwa faiba pande zote. Injini imekazwa juu yake kwa bolti nene. Ukisimama ndani huoni ubao hata mmoja. Unaona zulia, chini yake sakafu, chini yake povu gumu walilolimimina kiwandani ili boti isizame, na mbao ziko gizani huko.

Kila bolti ni tundu, na maji yamepita hapo mwaka baada ya mwaka. Yakaingia, yakakosa njia ya kutoka. Tena ni maji baridi ya ziwa na ya mvua, siyo ya chumvi. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kumwagia maji ya bahari chombo kilichokaa sana pwani, na kufukuza ya mvua, kwa kuwa ya mvua ndiyo yanayoozesha. Tulipoanza kukaza bolti za injini zikazunguka bure, hazikushika kitu. Nikagonga kwa nyundo, sauti ikarudi imekufa. Nikatoboa kwa keekee ya umeme, vumbi likatoka jeusi, nikalifinya likatoa maji. Na lile povu la chini lilikuwa limenyonya maji kama mkate wa mofa ndani ya chai.

Mwenye boti alitazama kimya. Mwili wa nje unang'aa, rangi haina hata mkwaruzo.

Kuitibu ni kazi ya miezi. Kwanza unaitengenezea kitanda kinachoishika tumbo lote, maana ukiikata mgongo wakati imekaa vibaya inaganda katika umbo bovu na haitakwenda tena sawa. Kisha unakata sakafu, unachimba povu kwa koleo na patasi, unatoa boriti moja tu, ile ya pili unaiacha ishike umbo mpaka mpya ikae. Ile iliyooza haitoki nzima, inatoka kwa viganja. Unachukua kigezo, unachonga mpya ya mbao kavu kabisa, unaipaka epoksi, gundi inayoganda ngumu, pande zote pamoja na ncha, unailaza juu ya epoksi nzito, unajaza kona ziwe za mviringo, ndipo unaivisha tabaka za kitambaa cha faiba. Kila mahali panapotakiwa kugandishwa pamepigwa grainda mpaka pameparara. Vumbi lake linawasha usiku kucha hata ukivaa barakoa na nguo za plastiki. Na matundu ya bolti yanatobolewa makubwa kuliko bolti, yanajazwa epoksi, ndipo yanatobolewa tena katikati, ili maji yasiguse ubao milele.

Umeliona hilo neno kavu? Hapo ndipo penye shida ya mashua yenu.

Yule kijana wa faiba aliyekuja na mdogo wangu anataka kuivisha mashua nzima juu ya mbao zilezile. Mashua hiyo imepakwa sifa, yaani mafuta ya papa, tangu babu yupo hai. Mbao zake zimeshiba mafuta hayo, na hiyo resini wanayouza kwa makopo haishiki ubao wenye mafuta wala wenye unyevu. Itashika siku za mwanzo, mtafurahi. Tena mbao za mashua zinacheza: zikiwa majini zinavimba, zikivutwa pwani zinanywea, na kalafati ndiyo inayochukua mchezo huo. Faiba haichezi. Itaachana na ubao mahali fulani chini ya maji, na mvua itaingia kwa juu, na baina yao patakuwa na giza lilelile nililolifungua hapa kwa msumeno. Leo ubao ukioza unauona, unautoa, unatia mwingine. Ukishauvisha hutauona tena mpaka mguu wako upite.

Sibezi hoja zako. Najua kuichoma kwa makuti na kuipaka deheni ya chokaa na mafuta kunachosha, vijana hawataki, na wale wadudu wanaotoboa mbao hawana huruma. Faiba kweli inawazuia. Mkitaka chombo cha faiba, kijengeni kipya, kwa mbao kavu zisizowahi kuonja sifa, nami nitachangia. Lakini siyo hii.

Ninachoomba: mchukue keekee yenye biti nyembamba, mtoboe karibu na mkuku, na pale mataruma yanapokutana na mbao za chini, halafu mtie vijiti matundu. Vumbi likitoka la rangi ya ubao, msiguse kitu zaidi ya kalafati. Likitoka jeusi, wekeni alama ya chokaa, nipigieni picha. Nimemtumia mdogo wangu pesa za mbao na pamba, na nimemwambia wazi kwamba siyo za resini. Kama kijana ameshapewa malipo ya mwanzo, mwacheni nazo, tusigombane na watu.

Mama mwambie dawa zake za macho nimezipata, zinakuja na mtu anayesafiri mwezi ujao. Ndani ya mfuko huo huo utakuta seti ya biti za keekee na fila geji. Hiyo fila geji huna kazi nayo, ila najua utaipimia kila kitu.

Wasalaam,
Mwanao